Kiziwi halisi

Swahiba, wenzangu wanatoka darasani wanacheka, mimi nimebaki kitini kama nimegandishwa.

Leo kwenye uzamili wetu wa elimu ya kimataifa tulisoma habari za wanafunzi wenye ulemavu. Mwalimu akaniambia niigize kiziwi. Mimi! Na haya masikio nusu maiti, siri yetu wawili!

Nikamkazia macho midomoni, kama kila siku. Akasema, "Mzee wangu, unatia chumvi. Kiziwi halisi hafanyi hivyo."

Hafanyi hivyo! Mbele ya watu wote!

Nikifunua kinywa, ile kazi ya ng'ambo niliyoomba inaota mbawa, waajiri wanataka wazima tu. Nikarudi kitini.

Mwalimu akamwita bibie wa kiti cha mbele, naye bibie akaziba masikio kwa vidole. Mwalimu akashangilia, "Hapo sasa!"

Basi. Bibie kafaulu. Mwalimu kaenda kula. Mimi nitarudia wiki ijayo, nikafundishwe uziwi.