Buti Mlangoni kwa Mama Annah

Jumatatu, 5 Mei 2025

Kama kuna mwanaume mwenye bahati kunishinda hapa mtaani Tassia, ajitokeze tumpige picha. Kazi imenijia bila kuitafuta. Na nyumbani nina Nekesa — ugali wake unaweza kumrudisha mtu kutoka Ulaya! Mimi niliyefika Kampala na Juba nikiwa tanboi, utingo wa malori, nasema hivi: bahati inanijua kwa jina.

Kazi yenyewe ni kumtembeza Madam Wayua kwenye maploti, haya maghorofa yetu ya kupanga. Ni daktari, lakini wa hesabu, si wa sindano. Shirika lake litatoa vocha za chakula kwa kina mama wanaolea watoto peke yao. Wanaamini njaa iko huko. Yeye ametumwa ahakikishe.

Shida — muulize mwanamke wa ploti kama kuna mwanaume ndani, atakufungia mlango. Au atakudanganya. Ya chakula atakwambia yote. Ya mwanaume, ng'o.

Nikamwambia, Madam, usiulize. Angalia viatu! Huku hatuingii ndani na viatu, tunaviacha mlangoni. Ndula, yaani viatu, za mwanaume zikiwepo, mwenyewe yupo. Alicheka, kisha akaandika. Akasema kisichopimika hupimwa kwa kitu kinachosimama badala yake. Anakiita kigezo mbadala. Opicho wa darasa la saba nimevumbua kigezo!

Alhamisi, 8 Mei

Magoti! Ngazi za Tassia zilijengwa na mtu aliyewachukia binadamu.

Tunatazama viatu, Madam anabonyeza tableti, halafu tunabisha na kuuliza watoto walikula nini mchana. Ghorofa ya tatu kwa Triza, Mama Annah, yule wa mandazi, kuna buti nyeusi kubwa kama mitumbwi. Husema mumewe ni mlinzi, kazi usiku, mchana amelala. Sijawahi kumwona. Tukaandika: mwanaume yupo. Watoto wake mchana hawakuwa wamekula.

Leo nimejipikia. Nekesa naye ana zamu ya usiku kiwandani.

Jumanne, 13 Mei

Hesabu imetoka, na ni kichekesho. Madam alitegemea njaa iwe pale pasipo na viatu vya mwanaume. Imekuja kinyume! Penye ndula za mwanaume ndipo watoto wanakosa chakula cha mchana zaidi.

Nikapasuka kwa kicheko. Nikamwambia, Madam, siri imetoka — sisi ndio tunaomaliza nyama!

Hakucheka sana. Alisema vitu viwili kutembea pamoja si ushahidi kwamba kimoja kinamvuta mwenzake. Mwavuli na matope huonekana siku moja, lakini mwavuli hauleti matope. Kuna kitu hatujakiona, akasema. Ila ofisi yake haina subira. Itawachagua wa vocha kwa viatu hivyo hivyo: palipo na viatu vya mwanaume, hakuna vocha.

Jumatano, 14 Mei

Mvua imepiga tangu jana. Kila kiatu cha ploti kimevaa soksi ya udongo. Nilipopanda juu nikaona buti za kwa Mama Annah. Safi. Kavu. Mlinzi gani huyu anarudi kutoka kazini akipaa? Nikainama nikachungulia — ndani buibui ameshajenga na kuhamia.

Nikamwuliza Mama Annah kwa sauti ya chini. Akaangalia ngazi juu na chini.

"Shemeji, huyo ndiye mume wangu. Nilimtoa soko la mitumba, Gikomba. Hali, hanywi, hanipigi."

Tulicheka hadi akajipangusa macho kwa leso. Kisha akaacha kucheka. Kuna jamaa alikuwa akijaribu kitasa chake gizani. Tangu buti zije, hajarudi. Na si yeye peke yake, hata yule mjane wa chini ana zake.

"Usimwambie mtu, Opicho. Wakijua niko peke yangu, mlango huu ni mbao tu."

Niliapa. Nikiondoka akaniuliza, "Na Nekesa je? Hiyo zamu ya usiku haimchoshi?" Akaniangalia sana. Nikashuka haraka kuliko nilivyopanda.

Nimekaa nafikiria. Kumbe zile buti hazisimami badala ya mwanaume. Zinasimama badala ya woga. Na mwenye woga ni yule aliye peke yake, na aliye peke yake ndiye sufuria yake iko tupu. Ndiyo maana buti na njaa zinatembea pamoja! Tumehesabu wajane tukawaita wenye waume. Sasa Annah na mdogo wake watanyimwa chakula kwa ajili ya buti za buibui. Na wazo lilikuwa langu. Nililitoa nikijipiga kifua.

Ijumaa, 16 Mei

Nilimpigia Madam asubuhi. Nikamwambia kigezo changu kimeoza. Akasema hata yeye alishuku, lakini ofisi inafunga majina leo jioni, na haitasimama kwa neno la Opicho.

"Nionyeshe mlango mmoja tu ambapo viatu vipo na mtu hayupo. Mwenye nyumba aniruhusu niingie nihakikishe. Nikiwa nao, nitawalazimisha waanze upya."

Mmoja tu! Ninayo miwili, na yote nimeapa.

Nikakaa kitandani na simu mkononi. Mwishowe nikamwambia, njoo kwangu.

Akashangaa. Kwako? Si kwako mko wawili? Tulipopita niliona sandali za mama hapo mlangoni. Nikasema, njoo tu, Madam.

Sandali hizo nyekundu mimi huzisogeza kila asubuhi, moja mbele, moja nyuma, zionekane zimetoka kuvuliwa. Mvua ikinyesha, nazipaka tope kwa kidole. Kwa hilo nimemshinda Mama Annah.

Namsikia Madam chini, anauliza watoto nyumba ya Opicho ni ipi. Wanamwelekeza. Anapanda. Angepanda polepole kidogo.

Nekesa hayuko kiwandani. Hana zamu. Aliniacha Januari, na ile bahati niliyoandika ni uongo.