Ubao wa Marehemu Bundala

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Alfonsi Kapele. Umri: miaka 71, cheti hakuna. Kabila: Mfipa. Dini: Mkatoliki, Jumapili nyingine. Elimu: darasa la nne, la tano nilifika mlangoni. Kazi: fundi wa kuchonga kwa patasi, sasa napiga msasa. Makazi: Kasense, Sumbawanga. Yameandikwa na Koplo Otilia, kituo kidogo cha polisi, tarehe 12 Juni 2024, saa 11:10 jioni.

Nimechonga mbao miaka arobaini. Tangu mwaka juzi nipo katika karakana ya Andwele, kijana wa Mbeya mwenye mashine ya leza. Inaunguza ubao kwa mwanga mpaka sura ya mtu inatokeza. Kazi yangu ya wiki nzima, yenyewe saa tatu. Wateja wangu wote waliihamia, mimi wakaniachia msasa.

Mashine hiyo, binti, andika vizuri, haijui mtu. Inajua rangi tu. Penye weusi inachimba, penye weupe inaacha. Kwa hiyo Andwele lazima kwanza auweupishe uso kwenye kompyuta, uwe kama wa padri wa Kizungu, ndipo utokeze. Siku aliponieleza nilimwambia, "Basi hii ni mali ya mkoloni." Akacheka.

Mnamo tarehe 11 Juni 2024, saa 3 asubuhi, Andwele aliweka kwenye mashine ubao wa mninga. Ulikuwa wa marehemu mzee Bundala, mfugaji, ukawekwe kaburini siku ya kumaliza msiba, Jumamosi hii. Kwenye picha mzee ni mweusi tii, ana kofia nyeupe, anacheka. Umeme ulikuwa umekatika. Andwele akasema, "Babu, nakimbia Chala kufuata mbao. Umeme ukirudi bonyeza kijani tu, picha nimeshaiweka sawa."

Umeme ulirudi saa 4:20. Nilitazama kompyuta. Picha haikuwa sawa, alisahau. Uso ulikuwa mweusi vilevile.

Nikabonyeza kijani.

Ilipomaliza, kofia imetokeza, meno yametokeza, uso umekuwa shimo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikaufunga ubao kwa gazeti, nikauweka mezani, ili Andwele akirudi aufungue mwenyewe nami nimtazame.

Saa 8 mchana akaja Mboje, mtoto wa marehemu. "Shikamoo babu. Ubao umekuwa tayari?" Nikasema marahaba. Bodaboda wake alikuwa nje anapiga honi. Akaubeba bila kuufungua. Ningeweza kumwita, nikashika msasa wangu.

Leo saa 4 asubuhi Mboje alirudi nao. Hakupiga kelele. Alisema mama yake, Kabula, alipitisha vidole mle shimoni, akauliza, "Uso wa baba yenu mmeupeleka wapi?" Andwele, ambaye alikuwa hajauona ubao ule tangu uchongwe, akasema, "Kaka, labda picha yenu ilikuwa mbaya." Mboje akatoka, akavuta mlango, akatia kufuli. Akasema dirishani, "Basi na ninyi kaeni shimoni."

Karakana ni hatua sita kwa nne, nimezipima mara nyingi kuliko inavyofaa. Dirisha lina nondo. Simu Andwele alikuwa nayo, ila alisema polisi wakija mtaa mzima utajua. Harufu ya mninga ulioungua ilikuwa bado imo. Nilijisaidia kwenye kopo la vanishi. Afande amesema hilo si lazima kuandikwa, mimi nimesema liandikwe.

Nikamwita Mboje, "Mjukuu wangu, fungua nikafie nyumbani." Akajibu, "Babu, wewe sina neno nawe. Lakini nikifungua, na huyo atatoka." Alikuwa amekaa kizingitini amepakata ubao.

Saa 6 hivi Andwele aliniuliza, "Babu, jana uliiangalia picha kabla ya kubonyeza?" Nikamwambia macho yangu mabovu. Akasema, "Basi ni mimi. Nimemfukua mzee wa watu." Akakaa sakafuni kwenye vumbi la mbao. Nilikuwa na zaidi ya saa tatu za kumsahihisha. Sikumsahihisha.

Saa 9 alasiri akapiga simu. Saa 9:40 askari walivunja kufuli, wakamchukua Mboje.

Nimeitwa niseme nani alifunga mlango. Ni Mboje. Lakini nikiishia hapo, Jumamosi msiba wa baba yake utamalizwa yeye akiwa ndani. Kwa hiyo nasema: picha niliiona, na macho yangu ni mazima. Nilitaka mashine iaibike mara moja tu, mbele ya mwenye nayo. Sikutaka yule mama atie vidole mle. Mnipe ubao mwingine, siku mbili bila kulala zinanitosha kumtoa Bundala kwa mkono.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. La kuongeza sina. La kupunguza lipo, lakini afande amekataa.

Sahihi: A. Kapele

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea, amekubali ni sahihi. Kwa kuwa amejitaja mwenyewe, nimefunga maelezo yake kama shahidi saa 12:25 jioni na kumweleza kuwa haruhusiwi kuondoka. Ameomba asiwekwe chumba kimoja na Mboje Bundala. Kituo kina mahabusu moja ya wanaume.

WP Koplo Otilia