Ukimya wa Kokoto

Jumatano jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limeacha kukusumbua, na ile kofia ya sufu niliyokushonea bado unaivaa mwenyewe, hujamvalisha mbwa. Sisi huku hatujambo. Mume wangu anakusalimu na wajukuu zako wanakuamkia. Yule mkubwa sasa ananifika shingoni, na mdogo meno yake mawili ya mbele yameng'oka kwa siku moja, kwa hiyo shikamoo yake imekuja na mate mengi.

Utashangaa nakuandikia karatasi zote hizi wakati simu ipo. Baba, mimi na wewe kwenye simu hatuelewani. Wiki iliyopita nilikupigia nikakueleza kwamba sindano ya mashine imenitoboa kidole mpaka kwenye ukucha, ukanijibu kwamba ni vizuri sana na Mungu azidishe. Nilicheka hadi kidole kikaniuma upya. Kimepona, usijali, na kazi inaendelea. Karakana yetu sasa ina mashine sita, tumepata kazi ya kushona sare za wauguzi, na sakafu ya mbao inatetemeka kutwa nzima. Ikumbuke hiyo sakafu, nitairudia.

Barua yako niliipokea Jumatatu na nimeisoma mara nne. Unasema Kokoto amekuwa bubu. Unasema mwezi wa tatu huu hajabweka hata mara moja, kwamba watu wanafungua geti, wanaingia, wanafika hadi kukushika bega ndipo unaposhtuka, na yeye yupo hapo hapo anakutazama tu. Unasema umemwandikia katibu wa chama amfute kwenye daftari la uzao, na kwamba Jumamosi asubuhi daktari wa mifugo atakuja hapo nyumbani na sindano yake, kwa sababu mbwa wa machimbo asiyebweka ni kasoro, na sheria ni sheria, na wewe hukuwaonea huruma mbwa wa wenzako. Halafu chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, umeandika kwamba siku hizi analala juu ya miguu yako na kwamba mkate wa asubuhi mnagawana nusu kwa nusu. Mtu aliyekwisha kukata shauri, Baba, haandiki huo mstari wa mwisho.

Najua sheria hiyo ilikotoka. Umetulea nayo. Babu alipoanza kazi machimboni, kila genge la wapasua mawe lilikuwa na mbwa wake mweupe, mfupi, kifua kipana, sikio moja la kijivu. Hakuna aliyewanunua. Walizaliwa pale pale kwenye vumbi la chokaa, na waliodumu ni wale wenye masikio makali. Mwamba ukianza kupasuka kwa ndani, mbwa alisikia kabla ya mtu, akabweka mara tatu, na watu wakatupa nyundo wakakimbia. Babu aliokoka hivyo mara mbili, na ile ya pili mbwa mwenyewe hakutoka. Ndiyo maana ulipenda kutuambia kwamba mbwa wa machimbo ni sikio lenye miguu minne. Machimbo yalipofungwa, magenge yakatawanyika, mbwa wakachanganyika na wa mitaani, na leo chama chenu kizima, familia saba na daftari moja, kina mbwa ishirini na watatu. Ukimtoa Kokoto, fanya hesabu mwenyewe.

Tabia yao naijua pia, maana nimekua chini ya meza moja nao. Ni wakaidi. Ukiwabembeleza wanageuza uso. Hawaombi chakula, hawabweki ovyo, na ukiwakosea wanakununia siku tatu kamili. Lakini akikupenda, anakuja taratibu, anakuegemea mguu kwa uzito wake wote hadi unayumba. Mama alikuwa akisema ndoa yake nayo ilikuwa hivyo hivyo. Unakumbuka alivyokuwa akisema? Na akishasema, anasema tena, kwa sauti zaidi, huku amekugeukia wewe. Sisi watoto tukampa jina la Kasuku. Mgeni akibisha hodi, Kasuku anatangaza kwamba kuna hodi. Redio ikitoa habari, Kasuku anaitoa tena. Mungu amrehemu, nyumba imekuwa kimya mno tangu aondoke.

Kwa afya, mbwa hawa ni mawe matupu. Kokoto ana miaka mitano na hajawahi kukohoa. Wana doa moja tu, na wewe ndiwe uliyenionyesha: weupe unaowapamba ndio huo huo unaowaletea uziwi. Anayezaliwa mweupe tupu, bila lile sikio la kijivu, mara nyingi hasikii. Kwa hiyo kila uzao ulipofikisha wiki tano, uliwaingiza jikoni mmoja mmoja, ukasimama nyuma, ukagonga mfuniko wa sufuria kwa kijiko. Aliyegeuka, Mama alimwandika daftarini. Asiyegeuka aliwekewa msalaba mdogo kwenye ukurasa wake, akatiwa kapuni, akapelekwa kwa daktari.

Sasa, Baba, kama umesimama, kaa kitini. Miaka minne iliyopita kapu hilo ulinipa mimi.

Alikuwa wa mwisho katika uzao wa mamake Kokoto, mweupe pe, mdogo kama kandambili. Nilifika kwa daktari, mama yule mrefu, nikaliweka kapu mezani, naye akajaza sindano. Akaniuliza mnyama anaumwa nini. Nikamwambia haumwi kitu, ila hasikii. Akaniuliza tena, polepole, kama kwamba mimi ndiye nisiyesikia. Wakati huo kale katoto kakatoka kapuni, kakavuka meza, kakauegemea mkono wangu kwa uzito wake wote, uzito wenyewe hata kilo ya sukari haufiki. Nilishindwa. Daktari akairudisha sindano, akanishauri nisije nikamzalisha, na baadaye akamhasi ili uziwi wake usiingie kwenye ukoo. Nilirudi nyumbani na kapu tupu nikakuambia kwamba yameisha. Hukuniuliza yameishaje. Uliingia jikoni ukakaa peke yako saa nzima, na mimi nikakuacha ukae, nikijua yule mbwa yuko kwa jirani yangu amelala ndani ya sanduku la vitambaa. Hilo limenikaa rohoni miaka yote minne. Nisamehe.

Anaitwa Uzi. Jina tulimpa kwa faida yetu, yeye halimhusu. Kila ulipokuja kututembelea, mume wangu alimpeleka kwa mama mkwe wangu, ndiyo maana siku zote ulikuta mkweo hayupo ukaniambia nimeolewa na mtu wa safari. Uzi anashinda karakanani, kidevu sakafuni. Mashine sita zikienda, anajua ni ipi ya nani kwa mtetemo tu. Yangu ikisimama, anafumbua macho na kunitafuta. Nikimhitaji napiga kisigino sakafuni mara moja. Wateja wengi wamemzoea miaka miwili wasijue kwamba ni kiziwi. Wanafikiri ana maringo.

Na nilimfundisha kwa lugha gani? Kwa yako. Sikuwa na nyingine. Uliwasha baruti miaka thelathini na mmoja, na zile ishara za machimboni ulituletea hadi mezani: ngumi juu, simama, viganja viwili chini, laleni, kiganja wazi kinachovutwa kifuani, baruti imekwisha kulipuka, kuko salama, njooni. Tulipokuwa wadogo tulidhani baba wote huita watoto wao hivyo. Uzi anazijua zote, na hiyo ya mwisho anaipenda kuliko chakula.

Hiyo ilikuwa nusu ya kwanza ya niliyokuja kusema. Nusu ya pili ni nzito zaidi, na nimeishona mara tatu nikaifumua tena.

Jumanne ya wiki mbili zilizopita nilipokuja kwako, Kokoto alinisikia kabla sijafika getini. Alibweka, Baba. Alibweka mara tatu, akanyamaza, akabweka tena tatu, kama babu zake. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alitoka na wembe mkononi, na mteja wake nyuma yake, povu nusu ya uso, wakiuliza kumetokea nini. Nikafungua geti nikaingia. Ulikuwa jikoni, umenipa mgongo, unaosha sufuria. Nilisimama mlangoni nikakuita. Kokoto akasimama katikati yetu akakubwekea wewe, si mimi, anakutazama mgongoni. Hukugeuka. Ndipo akaja akakuegemea mguu, ukayumba, ukatazama chini, kisha ukaniona. Na ukanilalamikia pale pale kwamba nimeingia hadi jikoni na mbwa huyu kimya tu, hana faida tena.

Nilikunywa chai, nikakusifia maua, nikaaga. Nilifika kona ya barabara nikalia kama mtoto. Kokoto hajanyamaza hata siku moja. Majirani wanamlalamikia, kinyozi aliniambia wanaogopa tu kukueleza, maana wanakuheshimu.

Miaka thelathini na mmoja ya baruti, Baba. Hata mwamba ungepasuka. Na Kasuku wetu, masikini, hakuwa akirudia maneno kwa kupenda kusema. Alikuwa akikurudishia. Alikusikilizia hodi, redio, mvua, nasi, na hakumwambia mtu, na sijui hata kama alikuambia wewe. Mimi ni binti yako na nilimcheka. Nilipoelewa, nilikuwa nimeshika mkasi mbele ya kitambaa cha mteja, na nilikikata vibaya.

Sasa tufuate sheria. Asiyegeuka mfuniko ukigongwa, anatiwa kapuni. Sawa. Lakini wewe una kilo themanini, nani atakubeba? Nakutania kwa sababu nisipokutania nitalia tena. Sikudai ukubali mbele ya mtu yeyote. Nakuomba mambo mawili tu. La kwanza, Kokoto asiguswe Jumamosi. Daktari nimempigia, naye amesema mbwa ni wako na neno ni lako. La pili, Jumatatu twende wote kwa daktari wa masikio. Kuna vifaa vidogo vya kuvaa nyuma ya sikio, fundi wetu mmoja anacho, na anasema ubaya wake ni kwamba sasa inambidi amsikilize mkewe. Vikikufaa, vizuri. Visipokufaa, kuna ngumi juu na viganja chini, na nyumba yetu nzima inaijua hiyo lugha, hata aliye na mapengo. Chumba cha nyuma kiko tayari. Lakini hilo ni la kuamua polepole.

Barua hii hutaipata kwa posta. Utapewa na kinyozi Ijumaa mchana, nimekwisha kupanga naye. Wakati unaisoma, mimi nitakuwa dukani kwake, ng'ambo ya barabara, nimekaa kwenye kiti cha wateja, na Uzi miguuni. Usihangaike na simu.

Kwanza mwangalie Kokoto. Nina hakika amesimama dirishani, maana atakuwa amemsikia ndugu yake, damu moja, hawajaonana tangu wanusane kwenye kapu moja la mama yao. Weka kiganja chako ubavuni mwake. Usiwe na haraka, kiache hapo. Utahesabu tatu, kisha atatulia, kisha tatu tena. Huko ndiko kubweka kwake, Baba, na alikuwa akikubwekea wewe miezi yote hii.

Halafu, ukiwa umenisamehe, au hata kama bado, toka mlangoni na kiganja hicho hicho ukivute kifuani. Mimi labda nitakuwa najifuta macho nisikuone. Uzi ataona.

Wajukuu wanakutakia usiku mwema tangu leo, mume wangu anaomba radhi kwa safari zote zile za uongo, na mimi nakupenda, jambo ambalo nimekuambia mara nyingi kwenye simu nawe ukanijibu kwamba bei zimepanda.

Ni mimi mwanao,

Kitinda mimba wako