Mbwa Mwenye Adabu

Morningside, Durban
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Mwanaisha,

Shikamoo, na uiitikie ukiwa umekaa, maana barua hii si ya kusomwa umesimama jikoni. Goti la Mama linaendeleaje? Na kile kikohozi chako cha moshi wa kuni, kimekuachia? Mimi huku ni mzima wa mwili, ila uso ndio sina. Tafadhali Baba asiisome hii. Mwambie nimeandika habari za baridi tu, na baridi kweli ipo.

Yule mzee ninayemtunzia bustani nimeshakueleza: Mzungu, mgane, fundi mstaafu wa meli. Tangu mkewe afariki anakula amesimama kwenye sinki. Ni mtu mwema. Kila asubuhi alikuwa akinipa mkono kabla sijashika jembe, jambo ambalo wazee wengine wa mtaa huu hawana mazoea nalo. Basi bintiye, anayekaa Johannesburg, akamwambia kwa simu, Baba, tafuta mbwa, upate mwenzio nyumbani. Mzee akaanza kusoma vitabu. Akabaki na aina mbili, zote za kuchungia kondoo, zote hazijui kutulia: koli, mwenye manyoya marefu meusi na meupe, na kelpi, mwenye asili ya Australia, manyoya mafupi na masikio juu kama anayesikiliza umbea. Ikawa kila siku ni koli na kelpi, koli na kelpi, mpaka nami nikawaota. Mwisho akaniambia, "Yusufu, wewe una jicho. Twende wote, unichagulie."

Hapo ndipo ningesema: Mzee, mimi ni mtoto wa mwalimu wa chuo cha Kurani kutoka Tanga, mbwa namjua kwa kumtupia jiwe tu. Lakini nilipenda kuitwa mwenye jicho. Nikavaa shati safi.

Shamba lenyewe liko juu vilimani, mbali, kupita Pietermaritzburg. Tulikwenda na bakki yake, ndivyo wanavyoita pikapu huku. Mwenye shamba akatufungulia mbwa wawili, wote majike. Koli akaja mbio, akampanda Mzee kifuani, akamlamba mikono yote miwili mpaka katikati ya vidole, kisha akanigeukia mimi. Nilijikuta juu ya bakki, sijui nilipandaje. Kelpi yeye alisimama mbali kando ya uzio, anatutazama, hasogei. Mzee alikuwa anacheka huku machozi yakimlengalenga. Akauliza, "Unaonaje?"

Dada, nilifikiria chumba changu cha uani, msala wangu, kanzu yangu, na ulimi ule. Nikasema kwa Kiingereza changu cha kubabaisha, "Chukua yule wa pale uzioni. Yule ana adabu. Kwetu mtoto mwenye adabu hamrukii mgeni." Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mzee alimtazama koli kwa muda, kisha akasema sawa, kama ndivyo unavyoona. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili kunishukuru, nayo bado imelowa mate. Nikasingizia haja ndogo, nikazunguka nyuma ya banda penye bomba, nikaosha mara saba, moja kwa udongo, kama Baba alivyotufundisha kuondoa najisi ya mbwa.

Adabu gani! Mbwa yule alikimbia kando ya ukuta tangu alfajiri mpaka nyasi zikafa, pakabaki njia kama ya ng'ombe waendao mtoni. Mzee akimwita, anamtazama tu. Jioni Mzee anakaa barazani, kipande cha nyama kiganjani. Mbwa anakuja, anakichukua kwa ncha ya meno, anaondoka zake. Lakini nikishika toroli tu, huyo nyuma yangu. Nikifyeka, yupo. Nikivuta mpira wa maji, ananitangulia. Nami, kwa kuwa siku za kazi sina mtu wa kusema naye Kiswahili, nikaanza kusema naye yeye: ngoja, twende, zunguka huku. Akayashika yote upesi kuliko nilivyoshika Juzuu Amma. Mkavu kwa mkavu hakuna najisi, nikawa najiambia, na nikazoea kumkuta mlangoni nikitoka kuswali. Hata hilo naliona haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku moja nilishuka soko la Warwick kununua miche, nikamsimulia rafiki yangu Dieudonné, Mkongo wa Bukavu anayelinda magari mjini. Alicheka mpaka akashika tumbo.

"Eish, ndugu! Ile imbwa haiko na adabu, iko na kosa kazi ya kufanya. Ile ingine ilikuwa na upendo, na weye ukakimbia."

"Sasa nifanyeje?"

"Mzee iko peke yake pale barazani, na weye uko na cheza na imbwa yake. Unaniuliza nini?" Wakati huo hakuwa anacheka tena.

Nilirudi na miche yangu, sikumwambia Mzee kitu. Siku zikapita. Ndipo jioni moja akaniita barazani. "Yusufu, naona anaelewa lugha yako. Nifundishe kusema 'come'." Nikamfundisha. Akajaribu, njo-o, njo-o, kwa ulimi mzito, kiganja kimenyooka. Mbwa akageuza shingo, akanitazama mimi.

Mzee akaurudisha mkono mapajani. "Hata mbwa," akasema. "Labda kuna kitu kibaya kwangu."

Maneno yale yalinikata maini. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: mate, swala, mara saba, ile adabu ya kubuni. Nilipotaja udongo akaninyamazisha.

"Kumbe ni hivyo? Nilikuona pale bombani, unajisugua kwa udongo mkono nilioushika. Nilidhani unaosha mguso wangu mimi."

Hapo nikakumbuka kwamba tangu siku ile hajanipa mkono tena asubuhi. Mimi nilidhani kasahau tu, uzee.

"Nikasema moyoni," akaendelea, "kwa yote tuliyowatendea watu weusi nchi hii, acha aoshe."

Dada, ardhi ingepasuka ningeingia. Yeye naye alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Tukabaki tunatazama zile nyasi zilizokufa. Baadaye akasema mwenye shamba yuko tayari kubadilishana naye, na Jumamosi tutakwenda. "Uchague tena," akasema, "lakini safari hii unichagulie mimi."

Na hapa ndipo aibu kubwa zaidi. Nilitayarisha maneno ya kumzuia. Kwamba kelpi keshazoea, kwamba analinda nyumba, kwamba koli anatoa manyoya. Njia nzima nilikuwa nayapanga, na kelpi yuko nyuma ya bakki, kichwa amekilaza kwenye kioo upande wangu. Tulipofika, koli alikuwa keshampanda Mzee kifuani. Mzee akaniuliza juu ya kichwa cha mbwa, "Yupi?"

Nilichelewa kujibu, na aliona kuwa nachelewa. Nikasema, "Koli, Mzee."

Nikafungua nyuma ya bakki, nikamwambia kelpi, "Twende." Akashuka, akawaona kondoo mteremkoni, hakungoja neno la pili. Aliwazunguka kwa mbali, tumbo likigusa majani, nao wakakusanyika. Sijapata kuona kiumbe mwenye furaha vile. Nikamwita, mara moja, si kwa sauti kubwa: "Njoo." Nilitaka kuona tu kama atageuka.

Hakugeuka.

Nililia, dada. Mtoto wa mwalimu wa chuo, mbele ya Wazungu wawili, nikimlilia mbwa. Na katika kulia kule nikaelewa Mzee alivyokuwa akijisikia kila jioni pale barazani, mkono umenyooka. Kisha nikawakumbuka ninyi. Katika kila barua Mama ananiita, njoo mwanangu, hata wiki moja, nikuone, na mimi najibu habari za kazi.

Nisalimie mumeo, shemeji yangu fundi baiskeli, na shangazi yetu muuza vitumbua, mwambie huku vitumbua hakuna. Wabusu watoto wako, waambie mjomba anawakumbuka kwa majina. Baba mpe mkono wangu, umeoshwa. Na Mama muulize kama uji wa Ramadhani hii anaweza kunipikia mwenyewe, maana nimeshaomba ruhusa kwa Mzee.

Mdogo wako asiye na uso,
Yusufu