Boriti Zilizolala Chali

Kwako Baba Chiriku,

Chiriku ameota jino la pili na ananing'ata bila huruma. Tuko wazima, ila kichwa changu kimevurugika.

Zile boriti unazokunja huko kiwandani zimefika. Nyembamba! Nikajiuliza, bati hili ndilo libebe chumba cha juu? Ndugu yako amezilaza chali kama hori za ng'ombe, eti mbao zinakaa vizuri hivyo. Nilipokanyaga, zikanesa.

"Shemeji, chuma chembamba lazima kicheze," akaniambia. "Wewe lea, mimi nijenge."

Lakini nakumbuka ulisema nguvu ya boriti hizi iko kwenye mkunjo, si kwenye unene. Basi nikachukua rula. Nikiilaza, inapinda. Nikiisimamisha kwa ubavu, inagoma. Sasa sijui nishike lipi. Rula ni rula, na yeye ni fundi. Labda chuma kina mambo yake?

Jumamosi anapandisha tangi la maji juu ya boriti hizohizo, na kitanda cha Chiriku kiko chini yake kabisa.

Dereva aliyezileta atakuletea barua hii. Niambie neno moja tu, zilale au zisimame. Jibu likichelewa, nitaingia na mwanao ndani ya tangi tukae humo. Shemeji ana nguvu, lakini nimenenepa tangu uondoke, na sidhani kama atatuinua.

Najua utajibu.

Wako akungojaye,
Mama Chiriku