Runinga ya Yaser Haitoki

Chemchem, Tabora
Jumatano, 11 Juni 2025

Mpendwa kaka yangu Muhanna,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje? Wifi yangu na watoto hawajambo? Joto la Maskati lisikufanye uache kutembea jioni, daktari alikwambia. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Asubuhi baridi imeanza, na mwanangu Sheima ananihudumia vizuri mpaka naona haya.

Barua hii anakuletea Ummy, jirani yetu anayesafiri kesho. Nimeiandika kwa sababu kwenye simu hunikatiza. Safari hii utanisikiliza mpaka mwisho, utake usitake.

Najua shemeji Murtadha amekupigia. Najua pia alichokwambia: mjane wa mdogo wake yuko kwenye eda na anaangalia vichekesho, anacheka mpaka barabarani wanasikia. Ni kweli, kaka. Nilicheka, tena sana.

Lakini eda yangu sijaigusa. Tangu Yaser atutoke, wiki moja baada ya Idi ya Ramadhani, sijavuka kizingiti. Wanja sijapaka, udi sijafukiza, dhahabu yote nimeifungia kabatini. Nguo zangu nyeupe unazijua. Nimemuuliza mwalimu wetu wa madrasa kwa kumtuma Sheima: je, kucheka kunavunja eda? Jibu lake, hapana. Sasa Murtadha hiyo sheria yake kaitoa wapi?

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Kila siku baada ya Magharibi kuna ule mchezo wa mwenye nyumba bahili anayewakwepa wapangaji kila pampu ya maji inapoharibika. Mimi na Yaser hatukuwahi kuukosa. Hata akiwa Sikonge kununua asali, alikuwa akiikimbiza pikipiki kwenye vumbi lile ili auwahi, anaingia ndani uso mwekundu kama tofali. Alhamisi iliyopita nikauwasha, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Jirani yangu Julieth akasikia sauti yangu. Akajua nimezidiwa na kilio, akaja mbio na kina mama wawili, kanga wamejifunga viunoni. Wakanikumbatia. "Pole mama, lia tu, usijizuie!" Mimi nimebanwa katikati yao, macho yangu kwenye runinga, na yule bahili anatoroka kupitia dirishani, suruali ikanasa kwenye msumari, akatumbukia kwenye pipa la maji! Jamani, kaka, nilipasuka. Nilicheka mikononi mwa watu waliokuja kunipa pole. Julieth naye akageuka kutazama, akashindwa kujizuia. Wale wawili wakaondoka wamenuna, na kabla ya Isha habari ilikuwa imeshafika kwa Murtadha.

Kesho yake alikuja na vijana wawili na mkokoteni, kuichukua runinga mpaka eda iishe. Nikasema nao nikiwa nyuma ya pazia: mimi niko kwenye eda, mwanamume asiye maharimu yangu haingii chumbani humu. Vijana wakaganda barazani. Murtadha akasema yeye ni shemeji. Nikamjibu, shemeji naye si maharimu, na wewe mwenyewe ndiye uliyenisomea masharti ya eda siku ya tatu ya msiba. Alikohoa weee! Mkokoteni ukarudi mtupu.

Ndiyo maana anakutafuta wewe. Wewe ni kaka yangu wa damu, neno lako ndilo pekee linaloweza kuingia chumbani humu. Anataka useme, "Zeyana, itoe." Nakuomba usiseme. Na ukisema, nisamehe sana, nitakukatalia, na itakuwa mara ya kwanza maishani mwangu kukukatalia wewe. Usinifikishe huko.

Sasa nikwambie jambo ambalo Murtadha sikumwambia, kwa sababu halimhusu. Wiki zile za mwisho kifua kilimbana Yaser, akicheka kinamuuma. Basi alikuwa analala ubavuni kwangu, amefumba macho, ananiambia, "Cheka wewe, Zeyana, mimi nikusikie." Nami nacheka kwa ajili ya watu wawili. Alhamisi ile mchezo ulipoanza nilicheka, nikageuka kumgusa bega kama nilivyozoea. Mkono ukaangukia mto.

Julieth hakukosea, kaka. Kilikuwa kilio. Siku sitini watu wananishangaa jicho kavu, wengine wakanong'ona kwamba sikumpenda mume wangu. Chozi langu la kwanza limetoka mbele ya runinga hiyo hiyo wanayotaka kuipakia kwenye mkokoteni.

Nisalimie wifi, wabusu watoto, na shangazi Ghadir mwambie dua zake zinatufikia. Sheima anakuamkia. Mwenyezi Mungu akuponye magoti, akuweke mpaka tuonane hapa nyumbani.

Magharibi inakaribia. Nikishaswali nitakaa upande wangu wa kitanda, nitawasha, na nitacheka kwa sauti. Yaser alisema anataka kunisikia.

Mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia,

Zeyana