A Mbili za Mwanaasha

Jumatano, Kilole, Korogwe. Mawingu tangu asubuhi, joto limekaa palepale, mvua haiji. Chakula kimenishinda.

Leo nimemuumiza mama mdogo. Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia.

Mama mdogo Zubeda ni mdogo wake marehemu mama. Alinilea kijijini Sindeni tangu nikiwa mtoto, na sasa ni karani wa mapokezi kwenye zahanati moja hapa mjini. Programu anayoandikishia wagonjwa niliitengeneza mimi. Tangu mwezi wa mfungo uliopita, mkono wake wa kulia unatetemeka. Kidole kikishuka kwenye kitufe hakitulii, kinagonga tena na tena, na jina la Hasani linatoka Haassaani. Alikuwa anafuta na kuandika upya huku foleni inarefuka na watu wananuna. Nikasikia mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, ameanza kuulizia karani mwingine.

Sikumwambia kitu. Nilikwenda nikijifanya nakagua kompyuta, nikaibadilisha programu. Kitufe kinapobonyezwa, programu hupata taarifa kabla herufi haijatokea kwenye kisanduku cha jina. Nikaiagiza kwamba herufi ileile ikirudi upesi mno, iimeze, isiiandike. Mistari michache tu.

Majina yakaanza kutoka safi.

Nilijiona nimefanya la maana. Kumbe yeye alikuwa anakunywa dawa ya mizizi aliyoletewa kutoka Handeni, na alipoona majina yamenyooka akaamini inamponya. Kikombe cha chai bado kilimtetemekea, lakini alisema vidole vimetangulia, mkono utafuata. Alinipigia simu akicheka. Safari ya kwenda Dar kumwona daktari wa mishipa ya fahamu, tuliyokwisha kuipanga, akaiahirisha.

Nilisikia yote hayo, nikanyamaza.

Leo alifika mama mmoja na binti yake mwenye homa, anaitwa Mwanaasha. Mama mdogo akaandika, ikatoka Mwanasha. Akafuta, akarudia, ikatoka vilevile. Akabonyeza a mara mbili harakaharaka, macho kwenye kioo. Ikatokea moja. Akamwandikia mtoto kadi kwa kalamu, mwandiko ukitetemeka kama zamani, mtoto akaingia kwa daktari. Kisha akanipigia.

Nilimkuta amekaa, mikono mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hii mashine umeifanya nini?"

Nikamweleza.

"Kwa hiyo si mkono," akasema.

"Si mkono, mama."

Akaitazama kibodi. "Mimi nilidhani napona."

Nilitaka kusema nilimwonea huruma, akawahi yeye. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Itoe hiyo. Nataka niandike ninavyoandika."

"Mganga atakuondoa, mama."

"Aniondoe nikijua naumwa."

Nikaitoa pale pale, yeye amesimama pembeni. Akarudi kwenye kiti, akamwita mzee aliyefuata, Saidi. Kisanduku kikajaa S. Akaanza kuzifuta, na kitufe cha kufutia nacho kikapitiliza, ikabidi aanze upya. Mzee alisubiri, amegeuza uso dirishani. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti cha mama mdogo. Kutazama sikuweza, kuondoka sikuweza.

Ni mkono uleule ulionifundisha kushika kalamu.

Jioni hii nimekata tiketi mbili za basi la Jumatatu kwenda Dar. Nimempigia kumwambia. Ameuliza kama huko kuna baridi kwenye vyumba vya hospitali, abebe shuka zito. Nimesema abebe. Akaaga, simu ikakatika.

Hajanigombeza. Angenigombeza ningejua pa kuanzia.

Tutakaa bega kwa bega kuanzia Korogwe hadi Dar. Akiniuliza njiani kwa nini nilimwacha afurahi vile, nitamjibu nini?